Nyuzi Kwenye Msumari

Msimu ule wa mvua tuliogopa maji yasiyonuka.

Kipindupindu kilikuwa kimeingia Dzaleka, kambi yetu ya wakimbizi, na kila asubuhi watu wa usafi walisimama kwenye visima vya pampu wakitia dawa ndoo ya kila aliyechota. Wiki za kwanza dawa ilichoma pua, na chai ikawa na ladha ya nguo zilizotoka kufuliwa. Tulilalamika, tukanywa. Kisha harufu ikapungua, ikaisha kabisa. Unga uliendelea kutiwa, mweupe vilevile, kijiko kimoja kwa ndoo, na watu waliendelea kukauka mwilini kati ya alfajiri na adhuhuri.

Mama ndiye aliyesema kwanza. Alichovya kidole, akanusa, akajifuta kwenye kitenge.

"Hii si dawa, mama," aliniambia. Kwetu Bukavu mzazi humwita binti yake mama. "Hii ni chokaa ya kupaka ku ukuta. Banatudanganya macho tu."

Alikuwa fundi wa cherehani. Tulifika Malawi mimi na yeye mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, na cherehani tuliipata kambini, mashine ya mkono iliyopoteza rangi. Alishona sare za shule, magauni ya kwaya, mapazia ya kanisa. Dosie yetu, faili la maombi ya kuhamia nchi ya tatu, ilikuwa imelala miaka kwenye makabati ya ofisi, na mwezi uleule wa ugonjwa, kama mzaha, barua ilikuja: mahojiano Lilongwe, baada ya wiki tano. Mama aliikunja barua akaiweka ndani ya Biblia, na tangu siku hiyo akawa anatembea polepole, kama mtu aliyebeba mayai.

Mwandishi wa habari alifika katikati ya hofu hiyo. Alikuwa mtu wa Dar es Salaam, mwenye umri wa kuwa baba yangu, akiandikia gazeti la nje, na alihitaji mkalimani anayejua Kiswahili chetu cha Kivu, Kifaransa, na Kichewa. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na mitatu na nilikuwa naandika riwaya kwenye madaftari ya shule. Jumamosi tulikutana watu watano nyuma ya kanisa, tukasomeana kurasa zetu na kugombania sentensi kama wengine wanavyogombania mpaka wa shamba. Niliamini sentensi nzuri haiwezi kumdhuru mtu.

Siku ya kwanza nilimwita papa, kama tunavyomwita mwanamume yeyote wa heshima. Alicheka hadi akakohoa.

"Papa? Kwetu papa ni samaki, binti. Tena ana meno."

"Basi nikuite nani?"

"Niite hivyohivyo. Meno yenyewe yamebaki machache."

Alikuwa amefuata magonjwa katika nchi nyingi mno. Hakuuliza tena ugonjwa umetoka wapi. Aliuliza nani amefungua mlango. Alisema wakubwa wote husoma hotuba moja, wanabadilishana tai tu. Watu walipolia mbele yake alitazama viatu vyake na kusubiri wamalize, na nilimchukia kidogo kwa hilo. Kwenye mfuko wa koti alikuwa na unga wa kisimani ndani ya kipande cha plastiki. Dereva mmoja wa Nathenje alikuwa amemweleza jinsi dawa halisi ya maji ilivyoshushwa kwenye ghala la mfanyabiashara, shemeji wa mheshimiwa mmoja, ikauzwa kwa magunia, na jinsi magunia yaliyotufikia sisi yalivyojazwa chokaa.

"Wizi ninao," aliniambia. "Ninachokosa ni wafu."

Kwa maana mheshimiwa alikuwa amesema redioni kwamba ugonjwa umekwisha. Na kwenye karatasi ulikuwa umekwisha kweli. Sababu yake sisi tuliijua na hatukuitaja. Aliyekufa kwa kipindupindu alipuliziwa dawa, akafungwa kwenye plastiki, akazikwa upesi, bila kuoshwa, bila nguo yake. Hakuna mtu wa Kivu aliyeweza kumeza jambo hilo. Kwa hiyo familia zilisema ni malaria. Zilisema ni moyo. Zilimtuma mtu kwa mama kabla ya kumtuma kwa wakubwa, na mama aliondoka na mkasi wake chini ya kitenge.

Bibi yake alimfundisha kwamba utepe unaopima walio hai haumpimi maiti. Maiti hupimwa kwa uzi. Mama alichomoa nyuzi kwenye magunia ya mahindi, akanyoosha mmoja kutoka utosini hadi kisiginoni, akafunga mafundo matatu: bega, kiuno, goti. Kutokana na uzi huo alishona kanzu au gauni kwa Wakristo wetu, na Waislamu wa Kindu walipomwita aliwakatia sanda. Baada ya maziko uzi haukutupwa. Ulining'inia kwenye msumari juu ya cherehani mpaka siku arobaini zitimie, ndipo familia ilipokuja, ukachomwa, na matanga yakaisha.

Msimu ule msumari ulijaa. Ukifungua mlango upepo ulizitikisa nyuzi zote pamoja, na mimi nilijifunza kufungua mlango taratibu.

Nilimwomba aache. Nilimwambia mikono yake itatuua, au itamuua mtu mwingine. Aliinawa kwa sabuni na majivu hadi ngozi ikapasuka vidoleni.

"Na kama banakukamata? Na dosie?"

"Dosie itaona," alisema. "Ule mtoto wa jirani aende uchi?"

Kama mikono ile ilibeba ugonjwa kutoka nyumba moja hadi nyingine, sijui. Sikuthubutu kuuliza wakati ule, na leo hakuna wa kunijibu.

Mwandishi alikuja kwetu kunywa chai. Mama alichemsha maji mara mbili mbele yake ili ayaone. Alikaa, akasifu mapazia, kisha macho yake yakapanda ukutani yakabaki hapo.

"Mama, zile nyuzi ni za nini?"

"Ya kazi," mama alisema. "Kunywa, papa, iko inapoa."

Na mwandishi, ambaye aliuliza kila kitu mara tatu, hakuuliza tena. Alijua ataniuliza mimi.

Nilimwambia kesho yake, kwenye chumba alichopanga Area 25, mtaa wa Lilongwe, redio za vinyozi wa sokoni zikigombana nje. Nilimweleza uzi, mafundo, siku arobaini, malaria za uongo. Nilipokuwa naeleza nilisikia sauti yangu ikipanda, na nilijua kwa aibu kwamba nilikuwa nafurahi. Hatimaye alinitazama mimi, si viatu.

"Mama amekubali tuandike?"

Nilisema ndiyo.

Nadhani alijua. Mtu aliyehoji mawaziri hawezi kushindwa kumjua msichana anayedanganya. Lakini alisukuma daftari upande wangu.

"Andika wewe nusu ukurasa. Nitatafsiri. Usiweke jina, usiweke mtaa, usiweke umri. Na usipambe. Maneno ya kupamba ni ya watu ambao hawajaona kitu."

Nikaandika. Sikuweka jina. Sikuweka mtaa wala umri. Niliweka mwanamke anayepima wafu kwa nyuzi za gunia, na nyuzi zinazotikisika pamoja mlango ukifunguliwa, juu ya cherehani isiyo na rangi. Alisoma akiwa amesimama. Akasoma tena akiwa amekaa. Kisha akavua miwani akajisugua macho, na kwa mara ya kwanza niliona uso wake bila uchovu.

"Hii," alisema, "hii sijawahi kuisoma popote."

Alikuwa na kalamu mkononi. Kazi yake yote, miaka yote ile, ilikuwa kukata. Hakukata hata neno.

Siku kumi baadaye makala ilitoka kwenye gazeti la nje, na baada ya siku mbili nyingine nakala yake ilishushwa kutoka Lilongwe, ikasomwa kwa sauti kwenye kibanda cha kinyozi, sentensi kwa sentensi, kwa Kiswahili. Nilikuwa napita na ndoo. Nilisikia chokaa, nikasikia shemeji, watu wakapiga mbinja. Kisha nikasikia nyuzi za gunia, na kibanda kikanyamaza. Hakuna aliyehitaji jina. Kambi nzima ilikuwa imeshonewa kitu chini ya msumari ule.

Niliiacha ndoo barabarani.

Mama alikuwa anashona. Nilimwambia nikiwa nimesimama, maana sikuweza kukaa. Mguu wa cherehani ulibaki umeshuka juu ya kitambaa.

"Mi sikukupa ile maneno," alisema.

"Najua."

"Uliniuliza?"

"Hapana, mama."

"Na ule papa ulimuambia nini?"

"Nilimwambia umekubali."

Hakunipiga, hakupaza sauti. Alikata uzi wa cherehani kwa meno, akauweka kando, akasema jambo lililonichoma kuliko kofi: "Wengine banaiba mukate. Weye unaiba mama yako, unaenda kumuonyesha bantu."

Zikafuata siku ambazo nilizihesabu kwa sauti za magari. Kila injini barabarani nilidhani ni ya serikali. Tuliambiwa mheshimiwa amejibu redioni: dawa haikuwa na kasoro, wakimbizi wenyewe ndio wanaosambaza ugonjwa kwa mila zao, na ofisi ya afya imepewa agizo la kumtafuta mwanamke huyo. Walihitaji mtu wa kubeba wafu wote mgongoni. Nilimsihi mama achome nyuzi. Alikataa, arobaini hazijatimia hata kwa uzi mmoja. Nilimsihi tuzifiche kwa mchungaji. Alisema wafu si magendo. Usingizi uliniisha. Sahani ya nsima, ugali wa huku, ilikaa mbele yangu hadi ikafanya ngozi juu, na kila nilipotazama Biblia niliona pembe ya barua ikichungulia kati ya kurasa. Ilibaki wiki moja.

Gari lilikuja Jumanne, saa nne asubuhi. Lilikuwa na watu wawili: bwana wa afya, mtu mzima mwenye viatu vilivyolowa, na karani wa kuandika. Hawakuja kwetu. Mtu aliwaelekeza vibaya, kwa kukosea au kwa huruma, wakasimama kwenye baraza la mshonaji mwingine, bibi wa Kirundi aliyekuwa anakaa mtaa wa juu yetu, ambaye maishani mwake alishona mifuko na mito tu. Bibi alijibu kila swali kwa Kirundi, na karani alikuwa tayari ameanza kuandika kitu.

Mama aliona kutoka mlangoni. Alivua utepe shingoni, akauviringisha, akauweka juu ya cherehani. Nilimshika mkono.

"Mama, wiki moja tu. Usiende."

"Kuya," alisema, akinivuta twende. "Unajua Kichewa. Utanitafsiria."

Tulifika barazani. Majirani walikuwa wameanza kusogea, wengine wakijifanya wanachagua maharage. Bwana wa afya aliniuliza mimi kwa Kichewa kama tunamfahamu mwanamke anayepima maiti kwa nyuzi. Nilimgeukia mama nikamtafsiria, ingawa nilijua amesikia.

"Njo mimi," alisema. Ndiye mimi.

Ningeweza kusema kwamba nilifikiri. Sikufikiri. Nilimgeukia yule bwana, nikasema kwa Kichewa safi kuliko chote nilichowahi kusema: anasema hamjui mwanamke huyo.

Karani aliinama kuandika. Na mama yangu, ambaye Kichewa chake kilikuwa cha nyanya na dagaa, ambaye miaka yote hakukitumia nje ya soko, alipiga hatua moja mbele yangu.

"Ndine," alisema. Ni mimi.

Kalamu ya karani ikasimama. Bibi wa Kirundi akaanza kulia kwa sauti ndogo. Bwana wa afya alinitazama kwa muda mrefu, si kwa hasira. Alinitazama kama mtu aliyenikuta nimevaa nguo ya mtu mwingine. Kisha akamshukuru mama, "Zikomo, amayi," akaomba aonyeshwe nyumba.

Alipofungua mlango nyuzi zilitikisika. Sentensi yangu ilikuwa mbele yake, neno kwa neno, na nilitamani kuifuta ukutani kwa mikono. Alizishusha mwenyewe, akazitia kwenye bahasha ya kaki. Mama alisimama kati yake na mlango. Nilidhani ataomba msamaha. Aliniambia nitafsiri, na nitafsiri vizuri safari hii: nyuzi hizo zina siku zake. Asizitupe. Asizichanganye na karatasi. Siku arobaini za mwisho zikitimia, zichomwe asubuhi, na atakayezichoma asiwe anacheka.

Nilitafsiri kila neno. Karani alitabasamu. Bwana wa afya hakutabasamu. Aliuliza siku ya mwisho ni lini, akaiandika kwenye kiganja chake, maana daftari lilikuwa kwa karani.

Juma lililofuata tulikwenda Lilongwe kwa mahojiano. Mama alivaa gauni la bluu alilojishonea kwa ajili ya siku hiyo. Afisa alifungua faili, akakuta karatasi mpya juu ya zile za zamani, akaisoma. Aliuliza kazi yake.

"Fundi."

"Unashona nini?"

Mama aliniangalia kabla ya kujibu, kuhakikisha nimesikia. "Nguo za bantu," alisema. "Bote."

Nilitafsiri hivyo: nguo za watu, wote. Tulichukua dakika chache tu. Tuliambiwa dosie itasubiri uchunguzi. Nje, kwenye kivuli cha ukuta, mama alivua viatu akavipangusa vumbi, akasema gauni limembana kwapani, atalifumua akifika nyumbani.

Mwandishi alipiga simu siku hiyohiyo, kutoka uwanja wa ndege. Nilimweleza. 

"Ile sentensi ilikuwa nzuri," alisema. "Nilipaswa kuikata."

"Mimi ndiye niliyeiandika."

"Wewe ulikuwa hujui. Mimi nilijua. Nilichoka kukata, binti." Laini ilikoroma. "Maji yananuka?"

Yalikuwa yameanza kunuka. Nilikuwa nimesahau kumwambia. Siku chache baada ya makala magunia mengine yaliletwa, na dawa ikachoma pua tena, na watu wakaanza kulalamika kuhusu chai. Wagonjwa wakapungua. Mvua nazo zilikuwa zinakatika, kwa hiyo kila mtu alikuwa na maelezo yake. Shemeji wa mheshimiwa aliendelea kujenga ghorofa. Nimeipita mara nyingi nikienda Biwi, Lilongwe. Ina vioo vya kijani.

Bibi wa Kirundi alituletea mto. Aliuweka mlangoni akaondoka.

Mimi na mama tuliishi chumba kimoja tukisemeshana mambo ya chumvi na mkaa. Madaftari ya riwaya niliyafunga kwa kamba. Hakuniuliza kwa nini. Alichokuwa anahesabu yeye ni siku. Mimi niliamka nikiwaza dosie. Yeye aliamka akiwaza bahasha imewekwa wapi, kama imelowa, kama panya wanaingia ofisini mle.

Asubuhi ambayo siku arobaini za mwisho zilitimia, kabaza ilisimama mbele ya nyumba yetu, na juu ya kiti cha nyuma cha baiskeli hiyo alikuwa amekaa bwana wa afya, suruali ameikunja hadi chini ya magoti. Hakuwa na karani. Alikuwa na bahasha ya kaki ndani ya mfuko wa plastiki. Alimwambia mama kwamba alimsimulia mama yake mzazi habari hii, na mama yake alimwuliza amelelewa wapi hata akae na vipimo vya wafu wa watu kabatini. Nilimtafsiria mama. Alicheka, mara ya kwanza tangu mvua, akamletea kigoda.

Kuhusu dosie alisema hana uwezo nayo. Taarifa ilishakwenda juu. Alisema hivyo akitazama viatu vyake, na nilimkumbuka mwandishi, na sikumchukia.

Familia zilikuja kidogokidogo. Mama aliwasha moto kwenye karai la mkaa uani. Nyuzi zilikuwa zimejisokota pamoja kwenye bahasha, na mimi nilidhani imekwisha, hakuna atakayejua upi ni wa nani. Mama aliuchukua mmoja, akaupitisha kati ya vidole, bega, kiuno, goti, akataja jina. Mwanamke mmoja akajibu. Uzi ukaenda motoni. Akachukua mwingine. Vidole vyake havikukosea hata mara moja, na majina yalitoka moja baada ya jingine, mengine mafupi ya watoto ambao hawakufikia kuitwa jina zima.

Kalamu ilikuwa mfukoni mwangu. Huwa ipo. Bwana wa afya, amekaa kwenye kigoda, aliniona nikiigusa, na mama naye aliniona, akasimamisha uzi hewani, akangoja.

Niliutoa mkono mfukoni, mtupu. Mama akataja jina lililofuata.